Muulizeni Anataka Kuamka Saa Ngapi

Mada ya nyumba za wazee ikiibuka pale kwenye vimbweta, lazima atatokea mtu wa kusema, "Hayo mambo ya Wazungu bwana, sisi Waafrika tunatunza wazee wetu nyumbani." Wenzake wanatikisa vichwa, mada inahamia kwenye bumu, na kila mtu anaondoka na amani yake. Mimi natoka Kigoma, na sentensi hiyo inanikera kwa sababu mbili. Kwanza, si kweli. Pili, inafunga mjadala kabla haujaanza.

Tanzania Bara ina makazi ya wazee ya Serikali, na si mawili matatu. Kuna Nunge Dar es Salaam, Fungafunga Morogoro, Ipuli Tabora, Bukumbi Mwanza, Kolandoto Shinyanga, Njoro Kilimanjaro, Mwanzange na Misufini Tanga, na mengine zaidi. Kwetu Kigoma yapo Kibirizi, jina ambalo wengi mnalijua kama mwalo wa dagaa au mahali pa kupandia boti ya kwenda Gombe. Zanzibar wana Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani kule Pemba. Baadhi ya makazi ya Bara yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, yaani watu ambao jamii hii hii inayosifika kwa kutunza wazee wake ilikwisha kuwatoa majumbani.

Halafu angalia historia ya mkoa wetu. Enzi za ukoloni Kigoma ilikuwa ghala la vibarua. Waha kwa maelfu walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, ndio wale tuliokuwa tunasoma habari zao kwa jina la manamba. Wengine walirudi, wengine hawakuonekana tena. Na Kigoma yenyewe imepokea watu wa kila upande: Wamanyema na Wabwari waliovuka ziwa, Warundi, wafanyabiashara wa pwani waliokaa Ujiji kabla hata Stanley hajamkuta Livingstone mwaka 1871, watu waliokuja na reli ilipofika mwaka 1914, na Wakongo ambao wako kambi ya Nyarugusu tangu 1996. Mtu wa aina hiyo akifika miaka 80 bila mtoto, bila ndugu, bila shamba, huko "nyumbani" tunakomwambia arudi ni wapi hasa? Na sijagusa bado habari za kamchape, wale waganga wanaopita vijijini kwetu wakidai kufichua wachawi. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60 anaweza kuamka asubuhi hana nyumba. Akienda kuishi kwenye makazi, ndugu hao hao watasema Serikali imetuharibia mila.

Kwa hiyo makazi yapo na yataendelea kuwepo. Sensa ya 2022 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wanaozidi milioni 3, karibu watu 6 katika kila Watanzania 100. Swali langu si kama tuwe nayo au tusiwe nayo. Swali ni mzee akishaingia humo, au akishalala kwenye chumba cha uani nyumbani kwa mwanawe, anaishi au anahifadhiwa?

Nimesema chumba cha uani makusudi. Bibi yangu mzaa mama alipata kiharusi tukiwa Ujiji. Upande wa kulia wote ulilala na maneno yakawa yanatoka nusunusu. Siku ya kuruhusiwa hospitali tulipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyetuonyesha namna ya kumgeuza, namna ya kumketisha ili asipaliwe na uji, wala hakuna aliyetuambia kwamba mtu asiyejigeuza akilala upande mmoja kwa saa nyingi ngozi inakufa. Jambo hilo tulifundishwa na jirani aliyewahi kumuuguza mumewe: mgeuzeni kila baada ya saa mbili, hata usiku, na shuka lisiwe na mikunjo. Mama mdogo ndiye aliyeamka. Watu wanaposema "sisi tunatunza wazee nyumbani," hiyo "sisi" mara nyingi ni mwanamke mmoja aliyeacha biashara yake.

Wajomba waliamua Bibi alazwe chumba cha nyuma. Sababu yao ilikuwa nzuri kabisa: kuna utulivu, hakuna wageni wa kumchosha. Walinunua godoro jipya, pampasi za watu wazima na feni. Bibi akawa anageuzia uso ukutani. Hali chakula, hajibu salamu. Tulidhani ugonjwa unapanda kichwani.

Sasa Bibi alikuwa mchuuzi wa dagaa tangu ujana. Maisha yake yote alihesabu siku kwa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika na nyavu zinashonwa. Mama mdogo, bila kuitisha kikao cha ukoo, akahamisha kitanda na kukiweka chumba cha mbele karibu na dirisha, upande unaotelemka ziwani. Jioni taa za mitumbwi zikianza kuwaka Bibi anaziona. Wanawake waliokuwa wakiuza naye wakipita na mabeseni wanasimama dirishani kumwambia bei ya leo. Siku ya tatu alidai ugali. Wa muhogo, na mgebuka, siyo uji. Mjomba alilalamika kwamba sebule imekuwa wodi. Mama mdogo akamjibu, "Kaka, hii nyumba imejengwa kwa dagaa za mama. Wewe kaa huko nyuma."

Bibi hakupona mkono. Aliishi miaka miwili zaidi, akabishana na watu, akanituma vocha, akanikosoa nguo zangu. Godoro lilikuwa lile lile, na dawa zile zile.

Sisi wa ualimu tumekaririshwa tangu mwaka wa kwanza kwamba mwanafunzi ndiye kitovu cha ufundishaji. Mtaala wa mwaka 2005 uliletwa na hoja hiyo. Tunaijua hata usingizini, tunaiandika kwenye mtihani, kisha tunaenda TP, tunasimama mbele ya watoto 90 na kusema, "Toeni madaftari, andikeni." Nayasema haya kwa sababu ugonjwa wa darasa na ugonjwa wa nyumba ya wazee ni ule ule. Taasisi inapangwa kwa ajili ya anayehudumu, halafu anayehudumiwa anakunjwa mpaka aingie kwenye ratiba. Paulo Freire aliwasema walimu wanaomwona mwanafunzi kama chombo tupu cha kujazwa. Nikisoma maneno yake huwa namwona mzee kitandani akijazwa uji.

Kwa wenzetu wa nje suala hili limefanyiwa utafiti muda mrefu, na si kila kitu chao ni cha kukataa. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha jaribio walilolifanya kwenye nyumba ya wazee kule Connecticut. Ghorofa moja wazee waliambiwa kwamba chumba ni chao, wakipange watakavyo, wachague siku ya kuangalia filamu, na wachague mmea wa kwenye chungu waumwagilie wenyewe. Ghorofa nyingine waliambiwa kwa upole kwamba wafanyakazi wapo kwa ajili yao na watawafanyia kila kitu. Mmea nao walipewa, ila muuguzi ndiye alimwagilia. Baada ya wiki tatu tu wale wa ghorofa ya kwanza walionekana wachangamfu zaidi, na walipofuatiliwa miezi 18 baadaye waliokufa miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wa ghorofa ya pili. Jaribio lilikuwa dogo, watu wasiofika 100, na wasomi wamebishana kuhusu hesabu zake. Mimi nililolishika ni ile ghorofa ya pili. Hawakuteswa, walihudumiwa vizuri sana. Ndivyo wajomba zangu walivyomhudumia Bibi.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1991, daktari Bill Thomas alipewa kusimamia nyumba ya wazee katika mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York. Alisema wazee wale wanauawa na vitu vitatu ambavyo havina kidonge: upweke, kutokuwa na la kufanya, na kujiona huna msaada kwa yeyote. Akaleta mbwa, paka, bustani, watoto, na ndege 100 kwa mkupuo. Ukisikia unacheka. Lakini mfikirie mzee wa Kasulu aliyelima na kufuga maisha yake yote, halafu anakalishwa kwenye benchi la saruji kutoka asubuhi mpaka jioni, eti apumzike. Apumzike nini? Sisi hatuhitaji kasuku 100. Kuku watano, kijaruba cha mchicha, mchikichi mmoja wa kumgombeza mtoto anayeupanda, vinatosha kumpa mtu sababu ya kuuliza mvua itanyesha lini.

Mwingereza Tom Kitwood, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Bradford, aliandika kitabu mwaka 1997 kuhusu wazee wanaopoteza kumbukumbu. Alionyesha kwamba sehemu ya kudhoofika kwao haitoki kwenye ubongo, inatoka kwa sisi tulio karibu: tunawasemesha kama watoto wachanga, tunawaharakisha, tunawazungumzia mbele yao kana kwamba hawapo. Hapa naomba kila mmoja akumbuke mara ya mwisho alipomsikia mtu akisema mbele ya mzee, "Huyu siku hizi haelewi kitu."

Sasa nije kwenye safari zetu. Mwaka jana nilikwenda na kundi la wanafunzi kutembelea makazi ya wazee, mkoa sitautaja. Tulibeba sukari, mchele, sabuni za mche, kanga. Tulivaa fulana zenye nembo. Tulipiga picha nyingi. Nilikaa na bibi mmoja Muha aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Nilipomwamkia kwa Kiha alinishika mkono na hakuuachia mpaka tunaondoka. Kiswahili alikijua, ila kilikuwa kimeanza kumtoka, kama inavyowatokea wazee wengi kumbukumbu zikipungua: lugha ya mwisho kujifunza ndiyo ya kwanza kuondoka. Kiha kilikuwa bado kizima. Pale hakuna mhudumu aliyekuwa anakijua, hivyo kwenye daftari lao aliandikwa kwamba hazungumzi.

Alizungumza karibu saa nzima. Aliniambia kwamba pale wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuogeshwa, kwa sababu mhudumu wa usiku lazima amalize kabla ya kukabidhi zamu. Chakula cha jioni kinaliwa saa kumi, kwa sababu mpishi anawahi usafiri. Piga hesabu mwenyewe: kutoka saa kumi jioni hadi uji wa saa mbili asubuhi ni saa 16, na mle ndani kuna wazee wa kisukari wanaomeza dawa. Choo cha wanawake hakikuwa na mlango. Na jina walilomwita lilikuwa "bibi," kama walivyowaita wote. Kwao aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliyefariki mdogo. Alisema ni muda mrefu hajalisikia.

Wahudumu wale siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wachache na walikuwa hoi. Mmoja aliniambia mgongo wake haulali kwa kunyanyua watu peke yake, na hajawahi kufundishwa namna ya kunyanyua. Mtu mwenye wazee 20 wa kuogesha kabla jua halijachomoza hawezi kumuuliza kila mmoja angependa maji ya moto kiasi gani. Hapo panahitaji Serikali iajiri na ifundishe, hakuna ujanja. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Zanzibar walikwenda mbele: Aprili 2016 walianza pensheni kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au la, wakaanzia Sh 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2020 wakatunga sheria ya wazee. Bara mzee maskini anategemea jina lake liwe kwenye orodha ya TASAF, na kadi ya matibabu bure ambayo dirishani mara nyingi inajibiwa, "dawa hiyo hatuna, kanunue." Anunue na nini? Pensheni, hata ndogo, ingempa mzee wa kwenye makazi kitu ambacho mchele wetu haumpi: hela yake mwenyewe mfukoni, atume mtoto tumbaku au kashata bila kuomba kibali kwa mtu.

Lakini mambo mengi niliyoyaona kwenye makazi yale hayasubiri bajeti ya Dodoma. Mlango wa choo ni mbao na bawaba. Kusogeza chakula cha jioni kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili ni kukaa na mpishi na kupanga zamu, au chakula kipikwe saa kumi kiwekwe kwenye mahotipoti. Kumwachia Mwislamu wa Ujiji ndoo ya udhu karibu na kitanda na kukigeuza kitanda ili aone kibla hakuna gharama. Mabaraza ya wazee tunayo hadi ngazi ya vijiji na mitaa. Sioni kwa nini makazi yasiwe na baraza la wakazi wenyewe, likutane kila mwezi na msimamizi, na la kwanza kwenye ajenda liwe chakula, maana hapo ndipo wazee wana maoni mengi kuliko sisi kwenye kafeteria.

Mtu atasema: wazee wengine wamepoteza kumbukumbu, utawauliza nini? Bibi yangu hakuweza kutamka sentensi nzima, na alituambia wazi kwamba hataki ukuta. Aligeuza uso na kukataa kula. Lilikuwa jibu, tulichelewa tu kulisoma. Mwalimu wa awali anajua njaa ya mtoto asiyejua kuongea, na hakuna anayemwambia hawezi kumfundisha mpaka aweze kujieleza. Na wengine watasema uhuru ni hatari, mzee akitembea mwenyewe ataanguka. Ataanguka kweli, pengine. Wazee wa kwetu wamevuka ziwa hili kwa mitumbwi ya mbao usiku. Kumfunga mtu kwenye kiti ili asivunjike nyonga ni uamuzi ambao angalau angeshirikishwa kuufanya.

Serikali ya wanafunzi ina fungu la huduma kwa jamii. Kila mwaka linaishia kwenye basi, fulana na mchele. Napendekeza mwaka huu tulitumie tofauti, na napendekeza kitivo chetu kianze kwa sababu kazi yenyewe tunaijua. Twende watu kumi badala ya sitini, na turudi kila wiki mbili muhula mzima. Kila mmoja apewe wazee wawili au watatu, na kazi yake ya kwanza iwe kuwasikiliza na kujaza karatasi moja tu kwa kila mzee, ikae ukutani juu ya kitanda kwa idhini yake: anapenda kuitwa nani, anazungumza lugha gani, alikuwa anafanya kazi gani, anaamka saa ngapi, hali nini, anasali wapi, ana ndugu gani anayetaka apigiwe simu. Mhudumu mpya akiingia zamu asome. Karatasi ile ya bibi Muha ingeandikwa mstari mmoja, "Anaongea Kiha," na msimamizi angemtafutia hata fundi cherehani Muha wa mtaani awe anapita kumsabahi. Salamu za Kiha ni ndefu, zina makofi na maswali mengi, zingemtosha asubuhi nzima.

Mtoto wa jicho ni upasuaji mfupi, na kambi za macho hupita mikoani. Mtu wa kufuatilia tarehe na kumpeleka ndiye hakuwepo, na hilo ni jambo ambalo mwanafunzi mwenye simu anaweza kulifanya Jumamosi moja.

Nimeandika barua kwa waziri wa huduma za jamii wa serikali yetu ya wanafunzi nikiomba pendekezo hili liingie kwenye kikao cha bunge cha mwezi ujao. Wanaotaka kusaini pamoja nami, hasa wanaojua Kiha, Kibembe, Kirundi au Kinyamwezi, wanipate kitivo cha elimu, ghorofa ya chini, Jumatano baada ya saa nane.